Kabla Hujasherehekea Grafu, Pima Mrija

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia: anapima presha ukutani, pale hewa yenye kasi kuliko sauti inapobanduka, na amepata "kilele kizuri mno" kwenye grafu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambapo presha inatetemeka kwa nguvu zaidi. Niliposoma "kizuri" tumbo likanicheza. Mdogo wangu, kaa nikusimulie.

Nami nilikuwa na kilele changu, nikisoma Uingereza. Handaki la upepo, Mach 2 (mara mbili ya kasi ya sauti), kila jaribio sekunde chache za kelele ya kutetemesha meno. Mbele ya mwinuko mdogo wa chuma linasimama wimbi la mshtuko, mahali presha inapopanda ghafla. Hewa ya polepole ya karibu na ukuta inashindwa kuukwea mgandamizo ule, inabanduka, na mguu wa wimbi unaanza kwenda na kurudi. Kila ukipita juu ya tundu la sensa, presha inaruka, kisha inaanguka. Ndicho kinachochosha mabati ya ndege.

Nikapiga hesabu: upepo wa mita 500 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa eneo lililobanduka, milimita 20 (mita 0.02), kisha zidisha kwa 0.03, namba ya mitetemo hii inayotajwa kwenye tafiti. Mitetemo 750 kwa sekunde. Kilele cha grafu kikasema 850. Nani asingefurahi? Nilipiga simu Morogoro usiku uleule. Mama hakuelewa kitu, akasema Mungu mkubwa.

Nikabandika vikabari vidogo mbele ya mwinuko, vya kuivuta hewa ya kasi ishuke ukutani isibanduke. Kilele hakikutikisika. Nikasimama kwenye semina nikatangaza kwamba vikabari havifai. Fundi wa maabara akauliza kutoka nyuma: "Mrija wa sensa yako una urefu gani?"

Ule mrija unaounganisha tundu la ukutani na sensa. Sentimita 10.

Akachukua chupa tupu ya soda, akaipuliza mdomoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Mrija ulikuwa unajipigia filimbi: kasi ya sauti, mita 340 kwa sekunde, gawanya kwa mara nne ya urefu wake, mita 0.4, unapata 850 kamili. Swali lilikuwa la haki. Ile chupa ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Basi fungeni sensa usawa wa ukuta. Ikishindikana, badilisheni urefu wa mrija. Kilele kikihama, ni cha mrija. Mguu wa wimbi hauimbi noti moja, unatoa mlima mpana. Na muwasalimie mafundi asubuhi, jamani, msisubiri mkwame! Mnapenda grafu nzuri kuliko grafu ya kweli, nawajua, nilikuwa hivyo.

Nilirudia kazi yote mwezi wa tatu, sensa ikiwa usawa wa ukuta. Mlima ulitoka mpana, mfupi, hauna uzuri wowote. Vikabari viliupunguza.