Pua ya gari iangalie barabara

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti. Hapo nilikosea. Unasema umenunua trela ndogo ya kulala, ile yenye umbo la tone la maji, godoro ndani na jiko nyuma, na kwamba mwezi wa Julai utaivuta wewe mwenyewe mpaka mbuga ya Mont-Orford, huko kwenu Kanada, ulale usiku mbili peke yako kando ya Lac Stukely. Kutoka hapo Sherbrooke si mbali, unasema. Halafu unauliza: "Papa, mtu akilala porini peke yake mara ya kwanza, hofu anaizoeaje?"

Nitajibu. Lakini kwanza niambie: hiyo trela utaiingiza kwa mbele au kwa nyuma?

Najua, unacheka, papa ameanza. Ndiyo, nimeanza. Gari likilala, pua yake iangalie barabara. Mdogo wako mpaka leo akija hapa anageuza viatu vyake mlangoni viangalie nje, apate kunidhihaki mbele ya wageni. Sijali.

Trela fupi ina kichwa kigumu kuliko ndefu. Ukirudi nyuma inakata kona kabla hujaiona kwenye kioo, na yako ni ndogo, itajificha kabisa nyuma ya gari. Shika usukani chini, mkono ukienda kulia trela inakwenda kulia. Taratibu. Jizoeze kwenye uwanja mtupu asubuhi ya Jumapili, pasipo mtu wa kukuelekeza kwa mikono, maana hao ndio wanaochanganya.

Ile trela ya bluu wewe umeisikia tu. Niliichomelea mwenyewe juu ya ekseli ya Toyota iliyokufa, ibebe jenereta na mashine ya kuchomelea, niweze kufuata kazi mpaka Sake, mpaka Rutshuru. Tarehe 16 Januari 2002 nilirudi nyumbani Birere, hapa Goma, usiku, nimechoka. Nikaingia uani, kwenye parsele yetu, kwa mbele, pua ikatazama ukuta wa jikoni, mkia wa trela ukabaki langoni. Nikajisemea kesho nitageuza. Kesho yake, Alhamisi, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ukapasuka ubavuni.

Alasiri moto ulikuwa umeshaingia mjini. Mama yako alikuwa na mdogo wako mgongoni. Wewe, miaka minne, nilikuweka mbele pamoja na sufuria. Nikaanza kurudi nyuma. Trela ikakunjika kama kiwiko, ikabana kwenye nguzo ya lango. Nikaenda mbele, nikarudi, ikakunjika upande wa pili. Mara nne. Mama yako akasema, ifungue tuiache. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Hewa inanuka kiberiti, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na mimi nagombana na mke wangu juu ya jenereta!

Avenyu yetu unajua ilivyokuwa nyembamba. Mkia wa trela uliifunga nusu nzima, watu wakawa wanapita kwa ubavu au wanaipanda. Akafika yule mzee wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa akituletea makaa. Siku hiyo chukudu yake ilimbeba mke wake, ambaye alikuwa mgonjwa tangu Noeli, na chukudu hairuki trela. Hakunitukana. Alimkalisha mke wake kando ya ukuta, akaja akashika shingo ya trela, akaniambia, "Toa pini." Nikatoa. Tukaisukuma kwa mikono, sisi wawili, jenereta ikiwa juu yake, ikateleza mpaka kwenye mtaro. Ilichukua dakika mbili. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Sikumwambia asante. Niliruka ndani ya gari, nikatoka, tukaelekea Petite Barrière, mpakani mwa Rwanda. Kwenye kioo nilimwona anamwinua mke wake kumrudisha juu ya chukudu. Na nyuma ya pikapu yangu, mwanangu, kulikuwa na nafasi. Godoro moja na mifuko miwili, basi.

Tuliporudi nilimuulizia kwa kila mtu. Mmoja aliniambia walipanda meli wakaenda Bukavu kwa mtoto wao. Nimeshika hilo. Trela iko chini ya mawe, na juu ya mawe leo kuna duka la simu.

Mama yako anasema shida ya siku ile haikuwa pua ya gari. Najua anachomaanisha na sitaki tuendelee nalo. Nasema tu kwamba tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka tena usiku, gari lilikuwa limeangalia barabara na tulitoka kabla chai haijapoa. Kweli, safari ile moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, haukufika kwetu. Hata kama gari lingeangalia mbinguni tungepona. Hilo nalo mama yako hulisema. Lakini nyuma ya pikapu tulibeba watu 11. Niliwahesabu.

Basi, tuje kwako. Fika mchana. Huko Julai jua halizami mpaka saa mbili na nusu, una bahati, hapa saa kumi na mbili na nusu mtu ameshapotea gizani. Ingia kwa nyuma ukiwa na nguvu zako, siku ya kuondoka iwe kwenda mbele tu. Ukishindwa, weka vizuizi kwenye magurudumu, toa minyororo, ifungue, isukume kwa mikono. Trela ya kilo 500 kwenye ardhi iliyonyooka haimshindi mtu mzima. Kwenye mteremko usijaribu peke yako. Omba jirani, na umwambie asante.

Uzito wa shingoni, pale inapokalia ule mpira wa chuma wa gari, uwe sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100 za uzito wote. Kwa kilo 500 ni mfuko mmoja wa simenti, au mmoja na nusu. Jiko lako liko mkiani, kwa hiyo utavutiwa kupanga kila kitu huko, sufuria, bidoni la maji, vyakula. Mkia ukizidi, trela itaanza kucheza dansi barabarani na itakuchezesha na wewe. Bidoni liende mbele ya ekseli. Na baada ya kilomita chache simama uguse nati za magurudumu.

(Nimesoma kwamba trela hizi zilianza Marekani miaka ya 1930, watu wakizijenga uani kwao kwa kufuata ramani za magazetini. Hapo niliipenda. Yako imefungwa kwa riveti au imechomelewa? Nitumie picha ya chini yake.)

Upikie nje, kule nyuma. Baridi ikikuzidi usiingize jiko ndani hata kwa dakika tano. Wewe ni mtoto wa Goma, mazuku unayajua, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, uliona mbuzi amelala bondeni asubuhi hana jeraha. Ile ni hewa nzito, inajaza shimo kama maji, ukipanda juu umepona. Ya jiko haina juu wala chini. Haina harufu, inaenea chumba kizima, na chumba chako kinazidiwa na kabati la mama yako. Acha tundu la paa wazi. Habari za dubu waulize wenye mbuga. Mimi simjui dubu.

Sasa hofu. Mwaka ule wa 2002, Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulilala usiku mbili nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kandokando ya barabara. Ardhi ilikuwa inatetemeka kila mara. Mimi sikufumba jicho. Wewe ulilala kama jiwe. Ulipaita "kanyumba", na tuliposema turudi Goma ulilia, ukashika ubao wa pikapu kwa mikono yote miwili, unataka kubaki kwenye kanyumba. Mama yako aliona aibu mbele ya watu waliopoteza nyumba zao. Sasa unaniuliza mimi hofu inazoewaje! Kati yetu wawili, aliyeizoea usiku ule si mimi. Mara nyingine nawaza kama hiyo trela ni kanyumba kalekale, halafu nasema hapana, umeona tu mtandaoni ukaipenda kama watu wengine.

Mama yako anataka niandike usiende. Nimekataa. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja hapa, nimeufuta, nikauandika tena kwa njia nyingine, nikaufuta. Una miaka yako na leseni yako. Ila ukipiga simu saa nne za usiku zako, hapa itakuwa saa kumi alfajiri na mimi niko macho saa hiyo hata bila sababu.

Ukifika, nitumie picha. Si ya ziwa, ziwa ninalo hapa. Piga ukiwa umesimama kando, nione trela, gari, na pua imeangalia wapi.

Papa