Kutafsiri "bleak" bila kukimbilia "huzuni"

Kabla ya kutafuta kisawe cha neno la Kiingereza bleak, tazama nomino inayoelezwa. Mara nyingi nomino ndiyo inayokupa jibu, si kamusi.

Ikiwa ni mahali, tuseme uwanda au kilima, bleak huzungumzia uwazi: hakuna miti, hakuna pa kujikinga na upepo, na aghalabu kuna baridi. "Kilima cha huzuni" ni kosa, kwa sababu huzuni hukaa moyoni mwa mtu. Andika "kilima kitupu kinachochapwa na upepo". Neno moja limezaa manne, sawa tu.

Wengi huteleza kwenye "ukiwa". Ukiwa hudokeza kuondokewa: palikuwa na watu, sasa hawapo. Hiyo ni kazi ya desolate. Mahali palipo bleak huenda hapajawahi kukaliwa na yeyote. Watu wakiwa wamehama kweli, tuna "mahame", na kuta zikibaki tuna "magofu". Yatumieni, jamani, yanakaa bure kamusini.

Ikiwa nomino ni wakati ujao, upepo unatoweka na kinachobaki ni kukosa tumaini. "Matumaini ni finyu" hufaa, ila finyu huacha upenyo. Matini asilia ikiwa imeufunga, sema "hakuna dalili yoyote njema". "Mbele ni giza" lina mtego wake: giza pia ni kutojua. Msomaji ataelewa kwamba hali haitabiriki, ilhali mwandishi alimaanisha inatabirika, na ni mbaya.

Kwa hali ya hewa, "baridi na mawingu, bila jua" inatosha.

Halafu kuna majirani wa bleak, maneno ya Kiingereza yanayokaribiana nalo kwa maana. Gloomy huelemea uhaba wa mwanga au uso ulionuna; dreary, uchovu wa kitu kisichobadilika; grim, ukali unaotisha. Dismal ndilo lenye historia tamu: linatokana na Kilatini dies mali, siku mbaya, na kalenda za Ulaya ya zama za kati zilitenga siku mbili za mkosi kila mwezi, yaani 24 kwa mwaka. Lakini usiingize mkosi kwenye tafsiri kwa sababu hiyo. Leo dismal hupima ubora zaidi: dismal failure ni kushindwa vibaya, na dismal results ni matokeo mabovu, hata kama bahati haikuhusika kabisa.