Nafuu Nayo Hufundisha

Mhariri, wiki hii umetuuliza ni dhana ipi ya saikolojia ambayo tungependa kila mtu aielewe. Nadhani wengi watataja kiwewe au sonona. Mimi nachagua uimarishaji hasi, ambao watu wengi huudhania kuwa ni adhabu.

Adhabu hupunguza tabia. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, huiongeza. Panya akibonyeza kitufe akapata chakula, huo ni uimarishaji chanya. Akibonyeza, na shoti ya umeme inayomsumbua ikakatika, huo ndio hasi: kero imeondolewa, na kitendo kilichoiondoa kitarudiwa. (Anayechanganya mambo haya asione haya. Mwanasaikolojia B. F. Skinner mwenyewe, bingwa wa nadharia hii, katika kitabu chake cha mwaka 1938 aliuita uchungu unaofuata kitendo “uimarishaji hasi”, akaja kubadili baadaye.)

Sasa mwangalie mtoto anayelilia simu. Mzazi anavumilia, anavumilia, mwishowe anampa. Tunasema mtoto amejifunza kwamba kilio kinalipa, na ni kweli. Lakini mzazi naye kafundwa: ametoa simu, kelele zimekoma, na kesho atatoa mapema zaidi. Huyu wa pili hatumtaji kabisa.

Dhana hii inanigusa zaidi kwenye woga. Mtu anaogopa kuzungumza mbele ya watu, anatafuta udhuru, na papo hapo moyo unatulia. Utulivu ule ndio ujira wa kukwepa. Mwaka 1947 mwanasaikolojia O. H. Mowrer alilieleza jambo hili kwa hatua mbili: kwanza kitu kinahusishwa na maumivu, hofu ikazaliwa, kisha kukwepa kunaituliza hofu hiyo, na kwa hiyo kunarudiwa. Hofu nayo inadumu, maana anayekimbia kila mara hapati nafasi ya kuona kama hatari ipo kweli. Ndiyo maana “kama unaogopa, basi usiende”, japo husemwa kwa huruma, mara nyingi humlisha mtu woga wake. Sisemi kila kukwepa ni kosa. Aliyemkimbia mtu anayempiga amefanya la busara.

Dawa yake ilianza kuonekana mapema. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, mpaka Peter akaweza kumshika. Tiba za leo za kukabili hofu bado zinakwenda hatua kwa hatua namna hiyo, na hapa ndugu na marafiki wenye haraka huharibu: wanamsukuma mtu kwenye lile gumu kuliko yote siku ya kwanza, hofu inapanda hadi kileleni, anatimua mbio. Nafuu atakayoipata akiwa nje ya mlango itakuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia, na kukimbia kutakuwa kumelipwa mara nyingine.