Kwa nini mvuvi wa Hokusai ni wa buluu

Ndugu uliyeuliza kama picha hii ya mvuvi imepauka: hapana, haijapauka. Hii ni "Kajikazawa katika Mkoa wa Kai" ya Hokusai, mchoraji wa Kijapani, picha iliyochapwa kwa mbao za kuchongwa mwanzoni mwa miaka ya 1830, kutoka mfululizo wake wa Mandhari 36 za Mlima Fuji (hatimaye zilifika 46). Nakala za mwanzo zilichapwa karibu zote kwa buluu. Buluu hiyo, iitwayo buluu ya Prussia, ilivumbuliwa Berlin, na ilipoanza kuingia Japani kwa wingi wachapaji waliichangamkia, maana ilikolea vizuri na haikuchuja upesi kwenye mwanga. Nakala za baadaye ziliongezwa rangi nyingine. Mimi naipenda hii ya buluu tupu kuliko zote.

Sasa mtazame huyo mvuvi. Amesimama kwenye ncha kabisa ya mwamba, kiwiliwili kimeinama mbele, amekaza mishipi iliyozama kwenye maji yanayochafuka, na nyuma yake mtoto ameketi na kapu. Fuata mstari wa mgongo wake na mwamba, kisha mishipi inavyoshuka: inafanya pembetatu. Inua macho juu ya ukungu, utaiona pembetatu hiyohiyo ikiwa Mlima Fuji.

Na hiyo ni kazi ya mikono mingi. Hokusai alichora, fundi mwingine akachonga ubao, mwingine akapaka rangi na kusugua karatasi juu yake kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine.