Mto Luiche: nani aitwe kabla ya kugawa maji?

SWALI: Mhariri, tunalima mpunga bonde la Luiche. Kila kiangazi tunapanga zamu za maji, na kila kiangazi zinavunjwa. Wenzangu wanasema wafugaji ndio wanaomaliza mto, hivyo wasiitwe kwenye jumuiya ya watumiaji maji. Mnasemaje? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Waiteni, tena kabla ya zamu kupangwa. Hesabu iko upande wao. Ng'ombe mmoja kiangazi hunywa kama lita 30 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo ng'ombe 500 hawazidi lita 20,000. Hekta moja ya mpunga ikipewa lita 1 tu kwa sekunde inachukua lita 86,400 kwa siku. Kundi zima linakunywa maji ya chini ya robo hekta! Wanachoharibu ni kingo, na tope linawafuata wachotaji walio chini. Dawa yake ni mbauti (birika la kunyweshea mifugo) nje ya mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, na wa kuonyesha ijengwe wapi ni hao hao wachungaji wanaozijua njia za mifugo.

Mto upimeni mwezi wa 9, wawakilishi wa kila kundi wakiwapo, maana kipimo cha upande mmoja hakuna atakayekikubali. Chagueni mahali mto umenyooka, pimeni mita 20, acheni kijiti kielee. Tuseme kimetumia sekunde 50, upana ni mita 4 na kina cha wastani mita 0.3: mwendo ni 20 ÷ 50, yaani mita 0.4 kwa sekunde, na 0.4 × 4 × 0.3 × 0.8 ni mita za ujazo 0.384, yaani lita 384 kwa sekunde. Ile 0.8 ni kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudieni mara tatu.

Saa ya kikao nayo huwafungia watu nje. Asubuhi kina mama wako kisimani na mtoni. Alasiri ni afadhali. Wavuvi wa dagaa, ambao udongo wa mto huwaishia mlangoni mwa ziwa, wako nchi kavu mbalamwezi ikipevuka.

Kwenye kugawa, Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira. Mfereji wenu unapata kinachobaki. Makubaliano, yakiwa na vipimo na sahihi za kila kundi, yapelekeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma. Na mfereji bado unahitaji kibali cha kutumia maji, hata zamu zikiheshimiwa.