Shimo chini ya banio: kwa nini mawe hayakai

Swali: Banio la skimu yetu ya umwagiliaji, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini, lina ukuta wa zege wenye upana wa mita 12 na kimo cha mita 1.5 juu ya mchanga wa mto. Kila masika maji yanachimba shimo mbele ya ukuta, upande wa kushuka, na sasa msingi unaonekana. Tunajaza mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu, yanasombwa. Je, tuweke gabioni, yaani vikapu vya nyaya vilivyojazwa mawe?

Jibu: Ndugu katibu, mkiziweka gabioni palepale mnapojaza mawe, zitaondoka nazo. Mawe hayajapungua, kasi ya maji ndiyo iliyozidi.

Chukua mafuriko yanayopita sentimita 90 juu ya ukuta. Kila mita ya upana inapitisha takriban mita za ujazo 1.5 kwa sekunde, na maji yanatua chini kwa kasi ya mita 6.5 kwa sekunde, yakiwa tabaka la sentimita 23 tu. Jiwe la sentimita 20 kwenye maji yenye msukosuko huhimili mita 2.2 kwa sekunde hivi. Kwa mita 6.5 mngehitaji jiwe la kipenyo cha mita 1.7! Gabioni nazo hukatwa nyaya na kokoto zinazoburutwa na mafuriko, kisha mawe yanatoka moja moja. Isitoshe, mchanga mwingi hukwama nyuma ya ukuta, kwa hiyo maji yanayovuka hayana mzigo na huuchukua mbele.

Hata mwamba hauponi. Kule Kariba, kwenye mto Zambezi, maji ya milango ya mafuriko yalichimba shimo la kina cha mita 80 hivi mbele ya ukuta wa bwawa, ikabidi mikataba mikubwa ifanyike kulirekebisha.

Nguvu hiyo lazima iishie juu ya zege. Jengeni beseni la kutuliza maji, yaani sakafu ya zege la nondo iliyoshushwa, ambayo maji ya kasi yanaruka juu yake, yaani yanainuka ghafla kwa msukosuko, na kugeuka ya kina kirefu na ya polepole. Ili yaruke hapo hapo, kina cha maji kwenye beseni lazima kitoshe. Pimeni alama za mafuriko mita 30 hivi kutoka kwenye shimo, mkielekea mto unakoshuka. Tuseme kina huko ni sentimita 90: mkishusha sakafu nusu mita mnapata mita 1.4, na ndicho kina kinachohitajika kwa mfano huu. Urefu wa beseni uwe mara 5 hadi 6 ya kina hicho, yaani mita 7 hadi 8.5, na mwishoni kuwe na kizingiti kifupi. Likiwa fupi zaidi, msukosuko unahamia kwenye mchanga na shimo linarudi.

Ukingo wa mwisho wa beseni unahitaji ukuta wa zege ulioshuka ardhini. Kwa mchanga laini wa milimita 0.3 na maji ya kiasi hiki, usipungue mita 1.8 chini ya usawa wa mchanga. Baada yake ndipo mawe yanapopata kazi: ya sentimita 30 au zaidi, unene wa tabaka mara mbili ya jiwe, kwa urefu wa mita 4 hivi. Chini yake tandazeni geotekstaili (kitambaa kigumu kinachopitisha maji na kuzuia mchanga) au tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 15 hadi 20. Bila chujio hilo mchanga hufyonzwa katikati ya mawe nayo yanazama taratibu, na watu hudhani yamesombwa.

Kabla ya kununua saruji, kagueni mambo mawili. Kiangazi, tazameni kama mbele ya ukuta kuna maji yanayobubujika na kutoa mchanga: maana yake yanapita chini ya msingi, na beseni peke yake halitatosha. Pili, tembeeni mita 300 kwenda chini mkiangalia uchimbaji wa mchanga. Mto ukishushwa huko, kina cha maji kwenye beseni kinapotea na hesabu zote hapo juu zinaharibika. Kasi na kina halisi vipimwe na mhandisi wa umwagiliaji, na kibali kitoke Bodi ya Maji ya Bonde.

Masika yakiwa karibu, jazeni pengo chini ya msingi kwa viroba vya zege lisilo na maji mengi, vilivyopangwa kwa kupishana viungio. Msimwage zege ndani ya maji. Saruji itaoshwa na mtabaki na kokoto. Beseni lijengwe kiangazi kijacho.