Nimeacha Nyama, Sasa Nyayo Zinakufa Ganzi

Mwanangu,

Unasema huu ni mwaka wa nne tangu uache nyama na samaki, na wa tatu tangu uache pia mayai na maziwa. Kwamba siku hizi unachoka upesi na nyayo zinakufa ganzi, lakini umemficha mama yako kwa kuwa alikuonya tangu mwanzo. Unaniuliza kama urudie nyama.

Nianze na hizo nyayo, maana ndizo zilizoninyima utulivu. Mtu asiyekula chochote kitokanacho na wanyama, wala vyakula vilivyoongezwa virutubishi, hapati vitamini B12 ya kutosha, na kwa kuwa ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, upungufu humfikia wakati amekwisha kuamini kwamba mlo wake hauna kasoro. Upungufu huo hudhoofisha damu na, baya zaidi, huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu, ambazo zikicheleweshewa tiba huenda zisipone kabisa. Nenda ukapimwe wiki hii, na umweleze daktari bila kuficha unachokula na usichokula. Nakusihi usijinunulie vidonge vya asidi ya foliki kwa kudhani ni upungufu wa damu tu, kwani vinaweza kuirekebisha damu huku neva zikiendelea kuumia. Ganzi ina sababu nyingine pia, kisukari kikiwamo, ndiyo maana sitaki tukisie.

Ikithibitika ni B12, hulazimiki kurudia nyama. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku; daktari ataanza kukutibu kwa sindano au vidonge, kisha utaendelea na vidonge kwa muda wote utakaofuata mlo huu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na dengu hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, basi uyale pamoja na matunda yenye vitamini C, na chai uinywe mbali na mlo.

Kuhusu mama yako, hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa mlo wenyewe si sumu: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliona wasiokula nyama wala samaki wakiugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 22 pungufu kuliko walaji nyama, lakini wakipata kiharusi kwa asilimia 20 zaidi. Mweleze leo kuhusu ganzi hiyo, na umwombe akusindikize kwa daktari.